Sura ya Saba: Mbona Simu Yangu Haimwoni Kimulimuli?

Swali hili huja kila masika, na huja kwa maneno yaleyale: "Macho yangu yanawaona vimulimuli tele nyuma ya nyumba. Nikiinua simu nipige picha, napata giza tupu. Mbovu ni simu au ni mimi?" Anayeuliza anaweza kuwa kijana wa Mapinga aliyenunua simu yenye kamera tatu, mwalimu wa Kiromo anayetaka kuwaonyesha wanafunzi wake, au mgeni aliyelala usiku mmoja Bagamoyo akashangaa kuona majani yanawaka.

Mara nyingi si mbovu simu wala si mbovu mpigaji. Kinachokwamisha ni mwanga mwingine uliopo: taa ya baraza, taa ya gari, kioo cha simu yenyewe, na flashi inayolipuka bila kuombwa. Mwanga huohuo unaoharibu picha ndio unaomharibia kimulimuli maisha. Ukilielewa hilo, umeshajifunza nusu ya kazi ya kumpiga picha. Nusu ya pili ni subira na namba chache za kamera, nitakazozieleza moja baada ya nyingine.

## Anayewaka ni nani?

Kimulimuli, ambaye wengine humwita kimetameta, ni mbawakawa, ndugu wa wale wadudu wenye mgongo mgumu wanaojigonga kwenye taa usiku. Duniani zinajulikana aina zaidi ya 2,000. Nyingi huishi nchi za joto na unyevu.

Sehemu kubwa ya maisha yake hatuioni. Akitoka kwenye yai huwa buu, na buu huyo hukaa ardhini, chini ya majani yaliyooza na kwenye udongo wenye majimaji, kwa miezi mingi; kwa baadhi ya aina hupita hata mwaka. Ni mwindaji. Chakula chake kikubwa ni konokono na minyoo. Humng'ata konokono, humwingizia sumu ya kumlegeza, kisha humla taratibu. Mkulima wa mboga mwenye mabuu haya shambani ana walinzi wasiodai mshahara.

Akishakua na kuota mbawa, muda wake ni mfupi, kwa kawaida ni wiki chache tu. Aina nyingi hazili kitu cha maana katika siku hizo. Kazi iliyobaki ni moja: kutafuta mwenzi. Na zipo aina ambazo jike haoti mbawa kabisa. Hubaki na umbo kama la buu, hupanda kwenye jani la nyasi na kuwasha taa ya tumboni mpaka dume amwone kutoka juu.

(Msomaji aliyewahi kuona picha za mapango ya Waitomo, New Zealand, yenye dari inayong'aa kama nyota, ajue kwamba wale si vimulimuli. Ni mabuu ya kijidudu kingine kabisa, wa jamii ya mbu na nzi, wanaotega nyuzi zenye utando wa kunata ili wanase wadudu wadogo.)

Mwanga wenyewe hutengenezwa na kemikali. Ndani ya tumbo la mdudu kuna dutu iitwayo lusiferini. Dutu hiyo ikikutana na hewa ya oksijeni, ikapata nishati ya mwili na msaada wa kichocheo kiitwacho lusiferasi, hutoa mwanga. Majina haya mawili tunayo tangu miaka ya 1880, alipoyatoa Mfaransa Raphaël Dubois. Mwanga huo hauna joto la kuhisika, ndiyo maana mtoto anaweza kumshika kimulimuli asiungue. Leo kemikali hizohizo hutumika kwenye viwanda vya vyakula: mfanyakazi hupangusa meza kwa kijiti, hukitia kwenye kifaa, na meza ikiwa na mabaki ya uchafu wa viumbe hai, kifaa huona mwanga.

## Jinsi ya kusoma taa zao

Kabla ya kupiga picha, angalia bila kupiga. Ninasisitiza hili kwa sababu watu wengi hufika porini wakiwa wameshawasha kamera, na hurudi bila kujua walichokiona. Taa zilizopo si za aina moja:

- Nuru inayowaka na kuzimika angani, kwa vipindi vinavyojirudia, aghalabu ni dume anayejitangaza.
- Nuru inayojibu kutoka kwenye nyasi au kichaka, ikichelewa kidogo baada ya ile ya angani, huenda ni jike.
- Nuru hafifu iliyotulia chini kabisa, inayofifia polepole, mara nyingi ni buu, au jike asiye na mbawa.

Buu hana haja ya mchumba, kwa hiyo kuwaka kwake kuna maana nyingine. Vimulimuli wengi wana sumu chungu mwilini, na mwanga wa buu ni onyo kwa chura na mjusi kwamba chakula hiki kitawatapisha.

Hesabu sekunde kati ya mwako na mwako. Kila aina ina mwendo wake, na mwendo huo huenda kasi usiku wa joto na kupungua usiku wa baridi. Andika kwenye daftari tarehe, saa, mahali, mvua ilinyesha lini, na mwako ulirudi baada ya sekunde ngapi. Daftari hilo, likijazwa kwa misimu kadhaa, lina thamani kuliko picha moja nzuri.

Na ukiwa ufukweni ukaona maji yenyewe yanametameta unapoyakanyaga, hayo ni mambo mengine. Hao ni viumbe vidogo vya baharini visivyoonekana kwa jicho, ambavyo huwaka vikitikiswa. Wavuvi wa dagaa wanawajua vizuri.

## Lini na wapi

Pwani hii ina misimu miwili ya mvua: masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Desemba. Vimulimuli hufuata unyevu. Wiki za mvua, na jioni zilizotulia baada ya mvua kubwa kukatika, ndizo za kutoka. Upepo mkali huwaweka chini.

Saa ni rahisi kukumbuka. Hapa jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo, kutegemea mwezi, na giza halichelewi kama linavyochelewa Ulaya. Toka wakati wa swala ya magharibi, wakati bado unaona unapokanyaga. Ikiadhiniwa isha, giza limekamilika. Katikati ya swala hizo mbili ndipo wengi huanza kuwaka.

Mwezi ni wa kuzingatia kuliko kitu kingine. Chagua siku za giza, zilezile ambazo wavuvi wa dagaa hutoka na karabai au taa za sola, kwa sababu taa yao haina nguvu mbele ya mbalamwezi. Kimulimuli yuko vivyo hivyo. Siku za mwezi mchanga zina jambo jingine la kujua: ni siku za bamvua. Kwenye pwani yetu maji hujaa alasiri na kupwa sana kuelekea saa nne au saa tano usiku. Ukiwa ukingoni mwa mikoko jioni, maji yanaondoka, hayaji. Hata hivyo tope la mikoko si mahali pa kutembea gizani. Simama kwenye ardhi ngumu, nyuma ya michu na mililana, upige kuelekea ndani.

Mahali pa kutafuta ni pale ambapo ardhi haikauki haraka na majani hayafagiliwi kila asubuhi: kingo za mashamba ya mpunga kwenye bonde la Ruvu, vijito vinavyovuka njia kati ya Zinga na Kaole, mashamba ya zamani ya minazi yenye nyasi ndefu, na vichaka vya kuelekea Makurunge. Uwanja uliofyekwa na kumwagwa kokoto usiupotezee muda.

Kingo za Ruvu na Wami zina viboko na mamba, na usiku kiboko hutoka majini kula nyasi palepale unapotaka kuweka stendi. Usiende mtoni bila mwenyeji anayejua njia za wanyama hao. Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005, ina utaratibu wake wa kutembea usiku; omba ruhusa na uandamane na askari wa hifadhi. Mikoko nayo ni misitu ya hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Na popote kijijini, pita kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mtu asiyejulikana anayezunguka kwenye mashamba ya watu saa mbili usiku akiwa na mkoba hawezi kulalamika akisimamishwa na ulinzi shirikishi.

Kwa kifupi: msimu wa mvua, usiku usio na mwezi wala upepo, kati ya magharibi na saa tatu, mahali penye unyevu na majani, na mwenyeji pembeni yako.

## Macho kwanza

Jicho la mwanadamu huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza. Ukitazama kioo cha simu kwa sekunde chache tu, unaanza upya. Kwa hiyo punguza mwanga wa kioo hadi mwisho, na tochi uifunge kwa kitambaa chekundu au nailoni nyekundu iliyokunjwa mara kadhaa. Macho ya vimulimuli wengi hayahisi sana wekundu, na yako pia hayaharibiki nao haraka. Elekeza tochi miguuni kwako, kamwe si kwenye kichaka.

Vaa mabuti, kwa sababu ya nyoka. Dawa ya mbu jipake nyumbani na mapema, kisha usimshike mdudu yeyote, maana dawa iliyo mkononi humwua. Hata bila dawa, usimtie kwenye chupa. Najua wengi wetu tulicheza hivyo utotoni. Lakini mdudu mwenye wiki chache za kuoa ukimfungia usiku mmoja, umemnyang'anya sehemu kubwa ya maisha yake.

## Kamera inaona nini

Kuna vitu vitatu vinavyoamua picha ya usiku. Cha kwanza ni tundu la lenzi, ambalo mwanga hupitia. Namba yake ikiwa ndogo, kama 1.8, tundu ni kubwa. Cha pili ni ISO, namba inayoonyesha kamera inaukuza kwa kiasi gani mwanga iliyoupokea. Ikizidi, picha hujaa chengachenga. Cha tatu ni muda ambao shata, yaani pazia la ndani ya kamera, linabaki wazi.

Watu wengi wakiona giza hukimbilia kuongeza muda. Hapo ndipo pa kuelewa vizuri. Weka ndoo uani wakati wa manyunyu: ukiiacha muda mrefu utakuta matone mengi zaidi, lakini kila tone litabaki na ukubwa uleule. Mwako wa kimulimuli ni tone. Hudumu kitambo kidogo mno, kisha mdudu amesogea na kuwakia mahali pengine. Shata likikaa wazi sekunde 5 au sekunde 30, mwako ule mmoja utaandikwa kwa nguvu ileile. Muda mrefu utakuongezea idadi ya miako na kuyaonyesha vizuri zaidi miti na anga, basi. Ukitaka mwako mmoja uonekane, panua tundu au pandisha ISO.

Ndiyo sababu simu hushindwa. Lenzi yake ni ndogo, na ikijiendesha yenyewe hudhani hakuna kitu, huwasha flashi, au hutafuta fokasi bila kuipata. Fungua sehemu ya kamera inayokuruhusu kuweka namba mwenyewe. Simu nyingi za siku hizi zinayo. Zima flashi. Weka ISO 1600 au 3200, muda sekunde 10 au zaidi, na simu ikae kwenye stendi ya miguu mitatu au iegemezwe kwenye jiwe. Piga kwa kuhesabu sekunde kadhaa baada ya kubonyeza, ili mtikisiko wa kidole usiingie.

Mwenye kamera ya lenzi zinazobadilishwa aanze hivi: tundu 2.8 au chini ya hapo, ISO 1600 hadi 3200, sekunde 15 hadi 30. Fokasi iwekwe kwa mkono wakati mwanga ungalipo, kwa kulenga mti ulio umbali utakaopiga, kisha pete ya fokasi ifungwe kwa gundi ya karatasi isisogee. Rangi ya mwanga usiiachie kamera ijiamulie. Ikijiamulia, ule ukijani wa asili utageuka kila picha. Tunza faili ghafi, yaani picha ambayo kamera haijaibana wala kuirekebisha, ili uwe na nafasi ya kuifanyia kazi baadaye.

Kuna taa ndogo ambazo hukuzifikiria: ile nyekundu inayosaidia fokasi, ile inayometa kamera inapoandika faili, na kioo cha nyuma. Ziba zote. Pia toa kamera kwenye mkoba mapema. Ikitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi ikaingia kwenye hewa nzito ya pwani, lenzi hujaa ukungu, na unaweza kupoteza saa nzuri yote ukiifuta.

Elekea kaskazini au bara. Kusini ya Bagamoyo, yapata kilomita 70, liko jiji la Dar es Salaam, na mwanga wake hupaka anga rangi ya chungwa kwenye picha ndefu hata kama jicho halioni. Mashariki kuna taa za mashua.

## Video ni kazi ngumu zaidi

Picha ya mnato inaweza kusubiri, video haiwezi. Kwa picha 25 kila sekunde, shata haliwezi kukaa wazi zaidi ya sehemu moja ya 25 ya sekunde. Basi weka hapohapo, fungua tundu lote, na pandisha ISO hadi 6400, 12800 au zaidi kadiri kamera inavyovumilia. Kwa miaka mingi kazi hii ilikuwa ya mashirika makubwa tu. Mwaka 2014 kamera ya Sony A7S, yenye ISO inayofika 409600, ilileta uwezo huo mikononi mwa mtu binafsi, na mwaka 2016 BBC ilionyesha filamu nzima ya David Attenborough kuhusu viumbe wanaowaka, iliyopigwa kwa kamera zilizoundwa maalumu kwa giza. Leo kamera ya kawaida yenye lenzi ya tundu 1.8 inaweza kuleta video ya kuridhisha, mradi usisogee. Weka fremu moja, acha irekodi dakika kadhaa, usizungushe. Mtazamaji anahitaji muda wa kuzoea giza kama wewe ulivyohitaji.

Sauti usiidharau. Vyura wa mpunga na nyenje hutoa nusu ya uhai wa video hiyo. Rekodi sauti peke yake, ukiwa umenyamaza, utaiweka baadaye.

## Picha isiseme uongo

Picha zinazosambaa mitandaoni, zenye maelfu ya nukta za kijani chini ya miti, nyingi zimeunganishwa. Mpigaji hupiga fremu nyingi kwa saa nzima bila kusogeza stendi, kisha kwenye kompyuta huzilaza moja juu ya nyingine ili miako yote ionekane kwa pamoja. Si dhambi, mimi mwenyewe naipenda njia hii, hasa ukianza na fremu moja ya machweo inayoonyesha minazi. Lakini jicho la mtu halijawahi kuona kitu kile. Anayeiweka hadharani bila kusema anawadanganya watu kuhusu idadi ya wadudu walio mahali pale, na mtu atakayekwenda kuona vimulimuli 10 badala ya 1,000 atadhani wamekufa. Andika chini ya picha: imeunganishwa kutoka fremu kadhaa, za muda wa saa fulani. Mstari mmoja unatosha.

Na usiwatege kwa taa ili wakusanyike mbele ya kamera. Dume anayefuata taa yako hamfikii jike.

## Taa zinazopanda barabara ya Bagamoyo

Mwaka 2020 watafiti wa vimulimuli kutoka nchi mbalimbali, akiwemo Sara Lewis wa Marekani, walikusanya maoni ya wataalamu wenzao kuhusu kinachowatishia wadudu hawa. Matatu yaliongoza: kupotea kwa makazi, taa za usiku, na viuatilifu, yaani dawa za kuua wadudu mashambani. Yote matatu unaweza kuyaona kwa kupita barabara moja, kutoka Bunju kuelekea Bagamoyo.

Viwanja vinapimwa, nyasi zinafyekwa, ukuta unajengwa, na juu ya ukuta zinawekwa taa nyeupe kali zinazowaka mpaka asubuhi, hata nyumba ikiwa haina mtu. Sisemi watu wasijenge wala wasijilinde. Nasema taa inayomulika juu ya mnazi haimlindi mtu. Taa ielekezwe chini, iwe ya rangi ya njano, na iwashwe na kihisio mtu anapopita. Mwizi ataonekana vilevile. Wako majirani waliozoea kulalamika umeme ukikatika, ambao hapohapo huniambia kwamba ndipo waliona vimulimuli kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Walikuwepo siku zote. Taa ndizo zilizowafunika.

Wenzetu wameshaona kwamba giza linaweza kuleta riziki. Huko Kampung Kuantan, Malaysia, wanavijiji wa mto Selangor huwapeleka wageni kwa mashua za makasia, bila mashine, kwenye mikoko ambamo vimulimuli huwaka kwa pamoja. Elkmont, kwenye hifadhi ya Great Smoky Mountains nchini Marekani, wageni ni wengi hata huchaguliwa kwa bahati nasibu, na huombwa wafunike tochi zao. Bagamoyo ina mikoko, ina mito, ina hoteli, ina waongozaji wanaowatembeza watu Kaole mchana na kuwaaga jioni, na ina chuo cha sanaa, TaSUBa, chenye vijana wanaojifunza kushika kamera. Kinachokosekana ni mtu wa kuamua kwamba saa mbili za usiku bila taa zina thamani.

Kama una nyumba au hoteli kwenye pwani hii, anza na masika yajayo. Zima taa za nje kuanzia saa moja hadi saa tatu usiku, acha kona moja ya uwanja bila kufyeka wala kupuliza dawa, na uwaambie wageni wako na watoto wako kwa nini umefanya hivyo.